Kwa nini vidonge vya antioksidanti havijarefusha maisha ya mtu

Chini ya ardhi, katika nyanda kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, anaishi mnyama mdogo ambaye amewasumbua sana watafiti wa uzee. Ni fuko uchi. Ana uzito wa gramu 35 hivi, hana manyoya ya maana, macho yake karibu hayaoni, na kwa sura si wa kusifiwa. Lakini akifugwa hupita miaka 30, wakati panya wa maabara wa ukubwa unaokaribiana naye ni nadra kuvuka minne. Watafiti waliompima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006 wangetarajia kukuta mwili uliokingwa barabara dhidi ya madhara ya oksijeni. Walikuta kinyume. Mafuta, protini na DNA za fuko uchi zimeharibiwa na oksijeni kuliko za panya, tena tangu akiwa bado kijana. Anaubeba uharibifu huo miaka nenda miaka rudi na hauonekani kumshtua.

Kwa mtu aliyezoea kusoma maandishi ya kwenye chupa za virutubisho, habari hii ni fumbo. Hapo ameambiwa kwamba radikali huru ndizo zinazomzeesha, kwamba vitamini C, vitamini E, beta-karotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) na madini ya seleniamu huzizima, na kwamba kidonge kila asubuhi kitamwongezea siku za kuishi. Ni madai matatu, na kila moja linaonekana kuzaliwa na lililotangulia. La kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ni kweli ndani ya chupa ya maabara. La tatu limepimwa kwa mamia ya maelfu ya watu na limeanguka. Swali linalostahili muda wetu ni jinsi madai mawili yenye ukweli yalivyozaa la tatu lisilo na ukweli.

Wazo lilikotoka

Elektroni ndani ya molekuli hukaa mbili mbili. Ikitokea moja ikabaki bila mwenzake, molekuli hiyo huitwa radikali huru, na haitulii: hunyakua elektroni ya jirani, jirani naye huingia katika upungufu uleule, na mnyororo huendelea mpaka zikutane radikali mbili au ipatikane molekuli inayoweza kutoa elektroni bila yenyewe kugeuka hatari. Hiyo ya mwisho ndiyo antioksidanti. Vitamini C hufanya kazi hiyo kwenye maji ya mwili, vitamini E kwenye mafuta ya utando wa seli. Seleniamu imeingizwa kundini kwa kuzungukia: yenyewe haizimi kitu, ila ni sehemu ya vimeng'enya vinavyozima.

Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha mwaka 1900 kwamba radikali ya namna hii inaweza kuwepo peke yake. Kwa nusu karne jambo hilo lilibaki la wanakemia, hasa wa plastiki, mpira na mafuta. Mwaka 1954 Rebeca Gerschman, mtafiti wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Rochester, Marekani, alitoa hoja pamoja na wenzake kwamba oksijeni iliyozidi na mionzi huua kwa njia moja, yaani kwa kuzalisha radikali. Miaka miwili baadaye Denham Harman, mwanakemia aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya kusomea udaktari, akaenda mbele zaidi. Ikiwa radikali zitokanazo na mionzi huharibu mwili, na kupumua nako huzalisha radikali, basi uzee wa kawaida ni gharama ya pumzi zetu wenyewe.

Makala yake ya 1956 haikupokelewa kwa shangwe. Upepo uligeuka mwaka 1969, pale Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walipoeleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa radikali iitwayo supaoksaidi. Mwili haugharimii mlinzi wa adui asiyekuwepo. Mwaka 1972 Harman aliitaja mitokondria kuwa ndiyo chanzo kikuu: sehemu ya seli ambamo oksijeni hutumika kuzalisha nishati, na ambamo elektroni chache huchopoka njiani na kuidaka oksijeni kabla ya wakati wake.

Mpaka hapo hakuna la kubishia sana. Kupumua huzalisha radikali, radikali huharibu, na katika wanyama wengi uharibifu huo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ndipo ukaja mfano wa kutu: mwili huliwa na oksijeni kama chuma, basi upake rangi. Mfano huu umeuza vidonge vingi, na ndio uliopotosha watu. Chuma hakitambui kwamba kinaliwa. Seli hutambua, hujibu, hukarabati, na mara nyingine huzalisha radikali kwa makusudi kabisa. Nitalirudia hili, kwa sababu ndilo jibu lenyewe.

Harman aliwalisha panya kemikali za antioksidanti zilizochanganywa kwenye chakula. Wastani wa maisha ya baadhi ya makundi uliongezeka, lakini kikomo hakikusogea: wale waliodumu kuliko wenzao wote walikufa katika umri uleule wa siku zote. Tofauti hii huwapita wasomaji wengi wa habari za kurefusha maisha. Wastani unaweza kupanda kwa sababu tu wanaokufa mapema kwa maradhi wamepungua. Kasi ya kuzeeka ingekuwa imepungua kweli, hata wale vikongwe wa mwisho wangesogea mbele. Tena kulikuwa na shaka nyingine. Panya anayewekewa kemikali kwenye chakula anaweza kula kidogo, na tangu kazi ya Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1935 ilijulikana kwamba panya wanaopunjwa chakula, bila kukoseshwa vitamini na madini, huishi kuliko wanaokula watakavyo. Inawezekana baadhi ya panya wa majaribio ya namna hiyo walikuwa wanafaidi njaa, si kemikali.

Kutoka kwa wauguzi hadi kwa wavutaji sigara

Shauku ya vidonge kwa watu ilichochewa na tafiti za kuangalia tu, zile zinazofuata watu jinsi wanavyoishi bila kuwaingilia. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao waliuliza katika jarida la Nature kama beta-karotini ya kwenye chakula inaweza kupunguza saratani, na wakashauri jambo hilo lipimwe. Mwaka 1993 zikaja tafiti mbili za Marekani, moja ya wauguzi wanawake zaidi ya 87,000 na nyingine ya wanaume karibu 40,000 wa fani za afya. Waliopata vitamini E nyingi zaidi, ambayo haikosi kuwa ya vidonge, waliugua moyo pungufu kwa kiasi cha theluthi moja. Namba kama hiyo ikitangazwa, nani atasubiri?

Tatizo la tafiti za namna hii haliko kwenye hesabu, liko kwa watu wenyewe. Anayekumbuka kumeza vitamini kila siku mara nyingi ndiye asiyevuta sigara, anayefanya mazoezi, anayepima presha na mwenye fedha za kumwona daktari. Watafiti hujitahidi kuziondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini huwezi kuondoa usichokipima. Njia ya kujinasua ni moja. Wachukue watu wengi, wagawe kwa kura, wengine wape kidonge chenyewe na wengine kidonge kitupu kinachofanana nacho, mmezaji asijue wala daktari wake asijue, kisha subiri miaka.

Ufini ilifanya hivyo. Wanaume 29,133 wavutaji sigara, wa umri wa miaka 50 hadi 69, walipewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku, au vitamini E miligramu 50, au vyote viwili, au kidonge kitupu, kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, na vifo vyao kwa jumla vilizidi kwa asilimia 8. Ndani ya jaribio hilo kuna jambo ambalo kwangu linafundisha kuliko namba kuu zenyewe. Kabla vidonge havijaanza kugawiwa, watafiti walipima beta-karotini iliyokuwamo kwenye damu ya kila mtu na kuuliza chakula chake. Waliokuwa nayo nyingi tangu mwanzo ndio waliopata saratani ya mapafu kidogo, vilevile kama tafiti za zamani zilivyosema. Molekuli ile ile, jaribio lile lile, wavutaji wale wale: ikitoka kwenye chakula iliambatana na afya, ikitoka kwenye kidonge iliambatana na kifo. Maana yake ni kwamba tafiti za zamani hazikudanganya. Zilikuwa zimeona kitu cha kweli na kukipa sababu isiyo yake.

Waliodhani ni bahati mbaya ya takwimu hawakungoja sana. Jaribio la Marekani liitwalo CARET, la watu 18,314 ambao ni wavutaji, walioacha kuvuta na wafanyakazi waliopumua vumbi la asbesto, lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake. Kundi lililopewa beta-karotini pamoja na vitamini A lilikuwa na saratani za mapafu zaidi kwa asilimia 28 na vifo zaidi kwa asilimia 17. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya madaktari wanaume 22,071, wengi wao si wavutaji, waliomeza beta-karotini au kidonge kitupu kwa miaka 12 hivi: hawakunufaika na hawakudhurika. Kwa hiyo onyo la beta-karotini linamhusu mvutaji sigara kwanza, ambaye pengine ndiye angejiona anaihitaji kuliko wote.

Vitamini E ilikwenda kimya zaidi. Jaribio la HOPE, la wagonjwa zaidi ya 9,500 waliokuwa katika hatari kubwa ya moyo, halikuona faida yoyote mwaka 2000. Walipoendelea kufuatiliwa, ripoti ya 2005 ilionyesha kwamba waliokuwa wakimeza vitamini E ndio waliopata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Wanawake karibu 40,000 wenye afya waliofuatiliwa kwa miaka kumi nao hawakuongezewa maisha.

Lakini kisa cha tezi dume kinastahili kusimuliwa kwa kituo. Katika lile jaribio la Ufini, wanaume wa vitamini E walipata saratani ya tezi dume pungufu kwa asilimia 32. Katika jaribio jingine la Marekani lililochapishwa mwaka 1996, watu 1,312 walipewa seleniamu kuona kama itazuia saratani ya ngozi. Ngozi haikusaidika, ila saratani za tezi dume zikaonekana kupungua. Matokeo yote mawili hayakuwa yale yaliyokuwa yakitafutwa. Ukitazama magonjwa mengi kwa wakati mmoja, moja litapungua kwa bahati tu. Hata hivyo hoja ilikuwa nzito kiasi cha kuanzisha jaribio kubwa, SELECT, mwaka 2001: wanaume 35,533, vitamini E ya yuniti 400 kwa siku, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya anayohitaji mtu mzima, na seleniamu mikrogramu 200. Vidonge vilisitishwa mwaka 2008 kwa kukosa dalili ya faida. Watu waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 ikabainika kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Kidonge kilichoanzishwa ili kuzuia ugonjwa kikaonekana kuuongeza, na madhara yakajitokeza miaka mitatu baada ya watu kuacha kukimeza. Anayesema "nimekitumia mwaka mzima na sijaona ubaya" hana namna ya kujua.

Mwaka 2007 Goran Bjelakovic na wenzake walikusanya majaribio 68 yenye watu 232,606. Walipobakiza yale yaliyofanywa kwa umakini zaidi, vifo katika makundi ya antioksidanti vilizidi kwa asilimia 5. Hiyo haimaanishi kwamba katika kila watu 100 waliomeza, watano waliuawa na kidonge. Maana yake ni kwamba mahali ambapo wangekufa watu 100 kwa sababu zote, walikufa 105. Vitamini A, beta-karotini na vitamini E ndizo zilizoelemea upande huo. Vitamini C na seleniamu hazikuonyesha dhara la wazi wala faida ya wazi. Wakosoaji walisema kazi hiyo imechanganya wagonjwa na wazima, vipimo vidogo na vikubwa, na kuacha majaribio ambayo hakuna aliyekufa. Ni ukosoaji wa haki, na mimi nisingemwambia mtu kwamba vitamini E itamuua. Ila zilipolegezwa na kukazwa kila upande, hesabu hizo zilikataa kugeuka kuwa faida. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri juu ya kinga ya magonjwa lilipendekeza watu wasitumie beta-karotini wala vitamini E kwa lengo la kuzuia saratani au maradhi ya moyo.

Radikali si adui tu

Sababu ya kwanza ya kushindwa ni ya kikemia. Radikali kali kuliko zote mwilini, haidroksili, hukishambulia kitu cha kwanza inachokutana nacho, karibu palepale inapozaliwa. Ili antioksidanti iiwahi, ingebidi iwe nyingi kuliko protini, mafuta na DNA zinazoizunguka, na hakuna kidonge kinachoweza kuujaza mwili hivyo. Kwa radikali zisizo kali hivyo mwili una vimeng'enya vyake, vinavyofanya kazi tena na tena kwa kasi ambayo molekuli ya vitamini haiwezi kuikaribia, kwa kuwa hiyo ikitoa elektroni yake lazima irudishiwe kabla ya kufaa tena. Na vitamini C ina kizuizi chake: ukishapita miligramu mia mbili hivi kwa siku, kiwango chake kwenye damu huongezeka kidogo sana, kwani utumbo hupunguza kuipokea na figo huimwaga. Mtu anayemeza gramu nzima anaipeleka chooni sehemu kubwa.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Mwili huzitumia radikali na ndugu zake, kama vile haidrojeni peroksaidi, kupeana taarifa. Chembe nyeupe za damu huzimwaga juu ya bakteria ili kuwaua. Kuna watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya kinachowezesha kazi hiyo, na maisha yao ni mfululizo wa maambukizi makali ya bakteria na kuvu. Misuli nayo, inapofanya kazi ngumu, huzalisha radikali kwa wingi, na kuongezeka huko ndiko kunakoiambia seli kwamba hali imebadilika: tengeneza vimeng'enya vya ulinzi, ongeza mitokondria, itikia insulini vizuri zaidi.

Hilo lilipimwa kwa watu. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwafanyisha mazoezi vijana wapatao 40 kwa wiki nne. Nusu walimeza kila siku vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400, nusu hawakumeza. Wote walitoka jasho sawa. Lakini mwili wa wale ambao hawakumeza ndio ulioanza kuitikia insulini vizuri zaidi, na ndio uliowasha jeni za ulinzi wake wa ndani. Kwa waliomeza, vidonge vilinyamazisha ujumbe kabla haujafika. Tafiti nyingine za mazoezi na vitamini hazikuafikiana zote na hii, hasa kwa upande wa nguvu na stamina, kwa hiyo nisingemnyima mwanariadha chungwa. Ila mtu anayekimbia asubuhi kisha akameza vidonge vikali ili "kusaidia misuli" aelewe kwamba huenda anakifuta kile alichokikimbilia.

Ushahidi wa wazi kuliko wote umetoka kwa kiumbe kisichofikia urefu wa milimita mbili. Mnyoo Caenorhabditis elegans huishi wiki mbili tatu, kwa hiyo unaweza kuona vizazi vyake vikizeeka mbele yako. Mwaka 2007 kundi la Ristow liliwazuia minyoo hao kutumia sukari. Wakazalisha radikali nyingi zaidi, na wakaishi zaidi. Walipopewa antioksidanti, nyongeza ya maisha ikatoweka. Huko Montreal, Siegfried Hekimi na wenzake waliondoa jeni ya kimeng'enya kinachosafisha supaoksaidi ndani ya mitokondria. Kwa nadharia ya Harman mnyoo huyo angekufa mapema. Aliishi kuliko kawaida. Wakawapa minyoo wengine kiasi kidogo cha parakwati, dawa ya kuua magugu ambayo sumu yake ni kuzalisha supaoksaidi, na hao pia wakaongezewa siku. Kiasi kikubwa, bila shaka, huwaua. Radikali kidogo huamsha ulinzi unaozidi kile kilichoharibiwa. Zikizidi, ulinzi hulemewa. Antioksidanti kutoka nje hazijui mpaka uko wapi.

Kwa panya picha ni ya mchanganyiko, na sitaificha. Mwaka 2009 Viviana Pérez, Arlan Richardson na wenzao wa Texas walitoa muhtasari wa njia 18 ambazo walikuwa wameongeza au kupunguza jeni za antioksidanti kwa panya. Ni moja tu iliyobadilisha urefu wa maisha, na hiyo iliufupisha. Lakini mwaka 2005 watafiti wengine walikipeleka kimeng'enya cha katalesi, kinachovunja haidrojeni peroksaidi, ndani ya mitokondria yenyewe, mahali ambapo kwa kawaida hakipo, na panya hao wakaishi kwa takriban asilimia 20 zaidi. Na panya anayezaliwa bila kabisa kile kimeng'enya cha mitokondria kinachosafisha supaoksaidi hufa akiwa bado mchanga. Basi radikali zina kazi katika uzee, ila mahali, wakati na kiasi ndivyo vinavyoamua, na kidonge kinachosambaa mwili mzima hakina uwezo wa kuchagua chochote kati ya hivyo.

Kuna upande mwingine usiopendeza: seli ya saratani nayo hupumua, nayo hubanwa na radikali zake yenyewe. Mwaka 2014 Martin Bergö na wenzake huko Sweden waliwapa antioksidanti panya waliokuwa na uvimbe mdogo kwenye mapafu. Uvimbe ukakua haraka zaidi na panya wakafa mapema. Uharibifu wa DNA ulipungua kweli, lakini kwa sababu hiyo hiyo kengele ya seli iliyohusu uharibifu, protini iitwayo p53, haikulia. Huenda jambo la namna hii ndilo lililowapata baadhi ya wavutaji wa Ufini, waliokuwa wameshabeba uvimbe usioonekana.

Tukimrudia fuko uchi, siri yake haionekani kuwa kwenye kuzuia uharibifu. Protini zake hushika umbo lake hata zikishapigwa na oksijeni, na seli zake ni hodari wa kuondoa zilizoharibika. Ni mkarabati. Wataalamu wa leo wanapoorodhesha mambo yanayouzeesha mwili hutaja kufupika kwa ncha za kromosomu, seli zilizochoka zisizokufa, usafishaji wa protini unaolegea, mwako wa kinga ya mwili (inflamesheni) wa chini kwa chini usioisha, na mengineyo. Orodha ya 2013 ilikuwa na mambo tisa, ya 2023 ikawa na kumi na mawili. Radikali zinapita humo kama mshiriki, hazina kiti cha enzi.

Na chakula je?

Watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi huishi zaidi, hilo halijatikiswa. Lililotikiswa ni maelezo kwamba wanaishi kwa sababu ya antioksidanti zilizomo. Sehemu kubwa ya kemikali za rangi na uchungu kwenye mimea haifiki kwenye damu ilivyo. Bakteria wa utumbo na ini huzigeuza kuwa vitu vingine. Zinazofika zinaweza kuwa zinafaa kwa njia ile ile ya parakwati kwa mnyoo, yaani kwa kuuchokoza mwili kidogo. Kulikuwa na wakati vyakula vilipangwa kwa kipimo kiitwacho ORAC, uwezo wa kuzima radikali ndani ya chupa, na watengenezaji wakakiandika kwenye vifungashio. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa jedwali yake ya ORAC, ikieleza kwamba namba hizo hazionyeshi kinachotokea mwilini na zilikuwa zikitumiwa vibaya katika matangazo.

Kipimo cha haki kipo. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani huendesha mpango wa kujaribu dawa za maisha marefu kwa panya katika maabara tatu kwa wakati mmoja, ili matokeo ya maabara moja yasimdanganye mtu. Dondoo la chai ya kijani, kemikali ya kiungo cha manjano na resveratroli ya zabibu zote zilipita hapo, na hakuna iliyorefusha maisha. Rapamisini ilirefusha, nayo si antioksidanti. Ni dawa inayotumika kutuliza kinga kwa waliopandikizwa figo.

Hii haina maana kwamba vidonge hivi havina mahali. Huko Linxian, China, watu karibu 30,000 waliokuwa na upungufu wa virutubisho vingi walipewa mchanganyiko wa beta-karotini, vitamini E na seleniamu, na vifo vikapungua kwa asilimia 9, hasa vya saratani ya tumbo. Walikuwa wanajaziwa pengo. Wazee wenye ugonjwa wa kuharibika sehemu ya kati ya retina, uliofikia kiwango cha kati, walipunguziwa hatari ya kufika hatua mbaya kwa takriban robo walipopewa mchanganyiko maalumu wa vitamini C, E, beta-karotini, zinki na shaba. Toleo la baadaye liliiondoa beta-karotini kwa ajili ya wavutaji na kuweka luteini na zeaksanthini, rangi nyingine za mimea. Katika hali zote mbili kuna ugonjwa au upungufu unaojulikana na kipimo kilichojaribiwa. Kumfanya mtu mzima anayekula vizuri aishi zaidi ni dai jingine kabisa.

Anayemeza tayari vidonge vya namna hii kwa kipimo kikubwa, mambo mawili yanamhusu zaidi ya hayo yote. Vitamini E nyingi huongeza uwezekano wa kuvuja damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini, kwa hiyo daktari anayekaribia kumfanyia upasuaji anahitaji kujua. Na tiba ya mionzi pamoja na baadhi ya dawa za saratani huua uvimbe kwa kuzalisha radikali zilezile ambazo kidonge kinanuia kuzizima. Mtaalamu wa saratani akiuliza mgonjwa anameza nini, anachohitaji ni orodha nzima na vipimo vyake, pamoja na vile vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari.